Chungu cha Sarafu za Sultani

Sura ya Sita

Mzee Maideen alikiri upesi mno, na hilo ndilo lililomharibia Inspekta Poonkodi asubuhi yake.

Tangu aingie polisi pale Madurai, Poonkodi alikuwa amezoea watu wanaokana. Mtu anakutwa na kuku wa jirani kwapani, bado anaapa kwa miungu yote kwamba kuku amemfuata mwenyewe. Lakini mzee huyu, mlinzi wa dargha ya Kallumedu, aliyelelewa kando ya kaburi la walii na kulifagia maisha yake yote, alikaa mahabusu akisema hajui lolote, hajaona lolote, hana la kusema. Kisha Koplo Irulappan akapita mlangoni akitangaza kwa sauti kwamba sasa watamfuata kijana wake, Nagoor, aje aeleze alikopata bajaji mpya. Papo hapo mzee akasimama, akazishika nondo kwa mikono miwili.

"Msihangaike na mtoto. Ni mimi."

Sasa alikuwa ameketi mbele ya Poonkodi, kofia nyeupe imekaa sawa kichwani, ndevu amezichana kwa vidole. Alionekana kama mtu aliyekuja kuposa, si kama mtu aliyekuja kufungwa.

"Umeiba nini, Mzee Maideen?"

"Sarafu. Zile za kwenye chungu."

"Zote?"

"Zote. Nikaweka za bandia mahali pake."

"Hizo za bandia ulizipata wapi?"

Mzee alifikiri. "Sokoni."

"Soko gani linalouza sarafu bandia za masultani waliokufa karibu miaka mia saba iliyopita?"

"Soko... kubwa."

Irulappan, aliyekuwa amesimama nyuma, alikohoa ili asicheke.

"Na zile za kweli ukamuuzia nani?"

"Mtu mmoja. Mrefu."

"Mrefu kiasi gani?"

Mzee akageuza shingo, akampima koplo kwa macho. "Kama afande huyu."

"Usinitie mimi humo, mzee!" Irulappan aliruka.

Poonkodi aliweka kalamu chini. Hakuwa na haraka ya kuandika. Kesho ilikuwa Ijumaa, na kamati ya dargha ilikwisha kukata shauri: polisi wakimshtaki mzee, baada ya swala ya mchana ufunguo utapewa mtu mwingine, na nyumba ndogo iliyo nyuma ya kaburi itakwenda pamoja na ufunguo. Baba yake Maideen alizaliwa katika nyumba hiyo, na babu yake kabla ya hapo. Kwa maneno yale yale aliyoyatoa asubuhi hii, mzee angepoteza nyumba, heshima, na miaka yake ya uzeeni kwa mkupuo mmoja. Na bado alikuwa anayasukuma mezani kama mtu anayelipa nauli.

"Nikuulize tena, na ufikiri kabla hujajibu. Kabati lile, nani mwingine analigusa?"

"Hakuna mtu."

"Hata siku moja?"

"Hakuna mtu, binti yangu. Ufunguo ni wangu. Andika tu."

Kisa chenyewe, kwa karatasi za polisi, kilikuwa kifupi. Wale masultani wa Madurai hawakudumu. Walipanda kwenye kiti na kushuka, mmoja akimfukuza mwingine, hata ufalme wao ukaisha kabla mjukuu hajaurithi vizuri. Walichoacha ni makaburi machache na vijisarafu vya shaba ambavyo mpaka leo vinatoka kwenye mchanga wa Vaigai kila mto unapokauka. Chungu cha Kallumedu kilifukuliwa na babu yake Maideen alipokuwa akichimba tangi la kutawadhia, kikawekwa kabatini, kikatulia humo. Mwaka jana Daktari Sabapathy, msomi wa sarafu za kale, alizipiga picha na kuzipima moja moja, akapatana na kamati kwamba azichukue kwa maonyesho mjini. Jumatatu wiki hii alikuja na gari kuzichukua. Alipofunua chungu, sarafu alizoziacha zimevaa kutu ya kijani na nyeusi zilikuwa nyekundu, zinang'aa, kana kwamba Sultani amezitoa kiwandani jana. Akazipima hapo hapo. Zote zilikuwa nyepesi kuliko za mwaka jana. Daktari akaketi chini kwenye vumbi na suruali yake nzuri, akasema neno moja: bandia.

Poonkodi alikuwa bado anayarudia hayo kichwani pale mlango uliposukumwa na kijana mwenye shati la kaki la madereva wa bajaji akaingia bila kubisha.

"Mwachieni baba yangu. Sarafu nimeziiba mimi."

Mzee Maideen aligeuka kama aliyechomwa. "Nagoor! Nyamaza!"

"Nimeziiba mimi, afande. Nikamuuzia mtu."

"Mrefu?" aliuliza Poonkodi.

Nagoor alisita. "Mfupi. Mnene."

"Afande," Irulappan alinong'ona, "leo ni sikukuu. Tulikuwa hatuna mwizi, sasa tunao wawili, ila hawajapatana ukubwa wa mnunuzi."

Mzee alianza kumfokea mwanawe kwamba ni mwongo tangu utotoni, mwana akamjibu kwamba wazee wakichoka akili husema ovyo, na kila mmoja akamwambia Inspekta asimsikilize mwenzake. Poonkodi aliwaacha wachoke. Kisha akamwamuru Irulappan amrudishe mzee mahabusu, akambakisha kijana.

"Bajaji," alisema. "Pesa ilitoka wapi? Na usiniambie sarafu, maana nina njaa na sina subira."

Nagoor alitazama mlango ulikopitia baba yake. "Si muhimu."

"Kwangu ni muhimu."

"Mke wangu aliuza bangili zake."

"Za dhahabu?"

"Za mama. Mama alimvisha Rahmath siku ya harusi yetu, kwa mkono wake. Mwaka haujatimia tangu mama atutoke. Baba hajui. Akijua bangili za mama ziko kwa sonara, moyo wake utasimama. Nikamwambia kuna rafiki kanisaidia. Hakuuliza rafiki gani. Akawa ananiangalia tu."

"Anakuangaliaje?"

"Kama unavyoniangalia wewe sasa."

Poonkodi alikiandika kitu hicho mahali ambapo hakihitaji karatasi. Akamtuma Irulappan kwa sonara, na kabla hajamaliza kikombe chake cha kahawa koplo alirudi na jibu: bangili zilikuwapo dirishani, zinasubiri mteja, na sonara alimkumbuka binti aliyezileta kwa sababu alilia mpaka wakamletea maji. Kwa hiyo bajaji haikutoka kwenye chungu. Njia ya kwanza ikafungika.

"Basi ni mzee," alisema Irulappan. "Mwana anamfunika baba."

"Na baba anamfunika mwana. Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye. Irulappan, kama kweli mmoja wao angekuwa mwizi, huyo mmoja angejua kwamba mwenzake ni safi. Yule asiyejua anakiri kwa mapenzi. Lakini hawa wote wawili wana nyuso za mapenzi."

"Afande, nyuso za mapenzi haziingii kwenye jalada."

"Ndiyo maana twende tukatafute kitu kinachoingia."

Duka la Chokkalingam lilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya soko la maua, mahali ambapo harufu ya asumini inakufuata mpaka ndani na kukaa kwenye nguo. Mwenyewe alikuwa mtu wa tumbo kubwa na macho madogo, aliyenunua vitu vya kale kwa mdomo wa malalamiko na kuviuza kwa mdomo wa asali. Polisi walimjua. Yeye pia aliwajua, na alikuwa na kiti maalumu cha kuwakalisha, chenye mguu mmoja mfupi, ili wasikae sana.

Poonkodi hakukaa. "Kaka Chokkalingam. Mtu akikuletea chungu cha sarafu za masultani wetu, utampa nini?"

"Kahawa."

"Basi?"

"Akiwa na adabu, na mikate miwili ya idli." Alivuta mkebe wa biskuti kutoka chini ya meza, akaumimina. Vijisarafu vilianguka vikiwa vyeusi, vya kijani, vimekwaruzana. "Za fedha, dada, ungeniona natokwa jasho. Za dhahabu ningefunga duka nikimbie nazo. Lakini shaba? Watu wanazichekecha mtoni kiangazi chote. Nimechoka nazo."

"Na mtu anayezighushi?"

Chokkalingam alicheka mpaka tumbo likagonga meza. "Azighushi ili apate hasara? Anunue shaba, achonge muhuri wa maandishi ya Kiarabu, agonge nyundo mchana kutwa, halafu auze kitu ambacho mimi ninakipima kwa kopo? Mwizi wa aina hiyo mleteni hapa, nimwajiri. Nimetafuta mfanyakazi mwenye bidii miaka mingi."

Irulappan naye alitaka kucheka, akaona uso wa bosi wake, akajizuia.

Poonkodi alikuwa ameokota sarafu mbili na kuzilaza kiganjani. "Mbona hii ina maandishi nusu?"

"Zote zina nusu. Muhuri wao ulikuwa mpana kuliko kipande cha shaba. Fundi anaweka kipande, anagonga, jina la Sultani linaangukia linapoangukia. Hii imepata kichwa cha jina, hii imepata mkia. Ile imepasuka ukingoni, ona. Walikuwa na haraka, masikini. Sultani mpya kila wakikohoa, na kila Sultani anataka jina lake litoke kabla hajauawa." Akashika moja kwa ncha za vidole, na kwa mara ya kwanza uso wake ukapoteza ujanja. "Kama mikate ya dosa ya marehemu mama yangu. Hukuti mbili zenye umbo moja."

"Mtu akighushi, anaweza kuzipata nyufa hizo hizo?"

"Moja, labda, kwa kalibu. Chungu kizima, kila moja na ufa wake? Hata mimi singeweza. Yaani, hata mtu mbaya asingeweza."

Walimkuta Daktari Sabapathy nyumbani kwake, kwenye chumba chenye vitabu mpaka dirishani, hajanyoa tangu Jumatatu. Sinia la chakula lilikuwa pembeni, halijaguswa. Poonkodi alikuja tayari kumchukia, maana ni neno la mtu huyu lililompeleka mzee mahabusu, lakini alipoona namna alivyozipanga zile sarafu mezani juu ya pamba, kila moja na kijikaratasi chake, hasira ikamwishia njiani.

"Mmepata za kweli?" Daktari aliuliza, akainuka nusu.

"Bado. Nataka kuona picha zako za mwaka jana. Umeshazilinganisha na hizi?"

"Za nini? Nimeangalia shaba ya zamani miaka yangu yote, Inspekta. Ile kutu ya kijani haighushiki. Hizi ni mpya. Na uzito umepungua. Ushahidi gani mwingine unautaka?"

"Wa macho. Nifurahishe tu."

Daktari alizifungua picha kwa shingo upande. Poonkodi alichagua sarafu ya kwanza bila kuangalia, akaiweka kando ya picha zilizopangwa, akaanza kutafuta mwenyewe. Irulappan aliinama naye. Koplo alikuwa na macho makali, macho ya mtu aliyekulia kwenye nyumba ya kupeta mchele na kutoa mawe.

"Hii hapa, afande. Ina pembe iliyokatika. Na ile ya kwenye picha ina pembe iliyokatika."

"Zote zina pembe zilizokatika," alisema Daktari.

"Pembe hii ina jino katikati. Na ya kwenye picha ina jino."

Daktari alivaa miwani. Akaangalia picha, akaangalia sarafu, akachukua kioo cha kukuzia. Aliigeuza upande wa pili. Mkwaruzo uliopita juu ya herufi, kwenye picha, ulikuwa umejaa kutu nyeusi. Kwenye sarafu ulikuwa mtupu na safi, lakini ulipita pale pale, ukakunja pale pale. Alichukua ya pili, akaitafuta pichani, akaipata. Akachukua nyingine. Irulappan akaona bora amshikie picha.

Waliendelea mpaka pamba ikabaki tupu. Hapakuwa na hata moja iliyokosa pacha wake.

"Ni zile zile," alisema Daktari. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini uzito..."

"Katika hizi zote, ngapi zimezidi uzito wa mwaka jana?"

"Hakuna. Zote zimepungua."

"Mtu anayeghushi angekosea huku na huku. Nyingine nzito, nyingine nyepesi. Hizi zimepungua zote, kidogo kidogo. Mkulima akipimwa na matope yake miguuni, halafu akanawa akapimwa tena, atapungua. Hakuna aliyeziiba, Daktari. Zimeoshwa."

Daktari aliketi. Poonkodi alidhani atajitetea, kama wanavyojitetea wasomi na polisi vilevile. Badala yake alifunika uso kwa viganja. "Nimemfungisha mtu," alisema. "Mzee aliyenipa maji ya kunywa kwa mikono yake, nimemfungisha, kwa sababu sikufungua bahasha ya picha zangu mwenyewe."

"Bado hajafungwa. Nisaidie kwanza. Zimeoshwa na kitu gani?"

"Kitu kikali. Asidi fulani." Alichukua sindano, akaipitisha taratibu kwenye bonde la herufi moja. Kitu kikatoka kwenye ncha, kiuzi chembamba, cha rangi ya kahawia, kigumu. Akakiweka kwenye karatasi nyeupe. "Cha mmea. Sijui ni nini."

Poonkodi alikijua kabla hajakigusa. Utoto wake wote ulikuwa na Ijumaa, na kila Ijumaa mama yake alichuchumaa uani na beseni, vyombo vya shaba vya miungu ya nyumbani vikiwa vimepangwa foleni, na yeye Poonkodi kazi yake ilikuwa kuchambua kokwa na nyuzi, na alikuwa mvivu, na nyuzi zilibaki.

"Daktari, taa zenu za ibada, anazisugua nani?"

"Mke wangu."

"Anazisugua na kitu gani?"

"Na ukwaju, kama watu wote..." Akakitazama tena kile kiuzi.

Walifika Kallumedu pamoja na Daktari jua likiwa limeanza kulegea. Alhamisi watu huja kwa walii: Waislamu na Wahindu, wenye watoto wagonjwa, wenye kesi, wenye mabinti wasioolewa, kila mmoja na asumini zake na kijitaa chake cha samli. Kwa kuwa mlinzi alikuwa mahabusu, mtu wa kamati aliketi mlangoni na ufunguo magotini, akiuonea haya.

Nyuma, kando ya tangi la kutawadhia, bibi mmoja mwembamba wa sari ya pamba iliyopauka alikuwa amechuchumaa katikati ya taa za shaba, akisugua kwa makumbi ya nazi. Alama nyekundu ilikuwa katikati ya paji lake la uso. Kando yake palikuwa na bakuli, na ndani ya bakuli maji mazito ya kahawia.

Mzee Maideen alisema hakuna mtu. Nagoor naye, alipoulizwa, alisema hakuna mtu. Hawakudanganya. Kwa watu wa dargha, bibi huyu, Pechiyammal, hakuwa mtu wa kutajwa, kama vile hutaji kizingiti unapoulizwa nani yumo nyumbani.

Poonkodi alivua viatu, akachuchumaa mkabala naye. "Shikamoo, bibi. Taa zako zinang'aa."

"Marahaba, mwanangu. Si zangu, za Walii." Bibi hakuacha kusugua. "Alinirudishia mwanangu homa ilipomchukua. Nikamwambia, Walii, mimi sina dhahabu, ila nina mikono. Tangu hapo kila Alhamisi."

"Kabati anakufungulia nani?"

"Marehemu mke wa Maideen alikuwa ananifungulia, tukisugua pamoja, tukisengenya watu. Sasa Maideen ananifungulia, halafu anakwenda zake kununua maua. Hakai. Kazi hii inamkumbusha." Alipuliza taa, akaigeuza. "Masikini Maideen. Wamemchukua kwa ajili ya mwizi. Umesikia? Sarafu za Sultani zimeibiwa."

"Nimesikia."

"Nimelia, mwanangu. Kazi yangu yote imekwenda na mwizi."

"Kazi gani, bibi?"

"Si nilizisugua!" Pechiyammal aliinua macho kwa mara ya kwanza, yana machozi na fahari kwa pamoja. "Nilisikia Maideen anasema zinakwenda mjini, watu wakubwa watazitazama. Nikafunua chungu, nikaona aibu. Chafu! Zimeota ukungu kama mkate uliosahauliwa. Za Sultani! Nikasema, hapana, hazitoki hapa namna hii, mjini watasema Kallumedu hakuna wanawake. Nikaziloweka kwenye ukwaju. Mara ya kwanza zilikataa. Nikarudia Alhamisi nyingine, na nyingine. Nikazipitishia vumbi la tofali, nikazianika kwenye ncha ya sari. Ungeziona! Zilikuwa kama mabibi harusi. Halafu huyo mwanaharamu akaja akazibeba."

Irulappan aligeuka upande wa ukuta, mabega yanamtikisika. Daktari Sabapathy alisimama na viatu vyake mkononi. Kwa msomi wa sarafu hakuna dhambi kubwa kuliko kuisugua kutu ya kale. Poonkodi alimtazama kwa jicho kali, jicho la kumwambia: kuwa mwangalifu na unachotaka kusema.

Daktari alichuchumaa naye, kwa shida, magoti yakilia.

"Bibi," alisema, "hazikuibiwa. Ninazo mimi. Ni mimi niliyedhani ni nyingine, kwa vile... kwa vile zilikuwa safi."

Pechiyammal alimkodolea macho. "Ninyi wa mjini hamjui kitu kilichosuguliwa?"

"Sikujua."

"Na Maideen yuko ndani kwa ajili hiyo?"

Makumbi yalidondoka mkononi mwa bibi. Fahari ilimtoka usoni yote, akawa bibi kizee tu, amelowa mpaka viwikoni. "Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyemfunga."

"Ni mimi," Daktari alisema haraka. "Wewe uliosha. Mimi ndiye niliyesema wizi. Nitakwenda kwa kamati sasa hivi, bibi, na nitawaambia hivyo hivyo, kila mmoja wao, hata wakinicheka." Akainuka, akamwendea yule mtu wa ufunguo mlangoni. Wakamsikia akianza kueleza kwa sauti ya juu, akijichanganya, akirudia. Yule mtu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaufunga ufunguo kwenye leso yake safi, akasema atauweka mpaka mwenyewe arudi.

Kabla ya kuondoka Poonkodi alimuuliza bibi jambo moja. "Polisi walikuja hapa Jumanne. Kwa nini hukuwaambia?"

"Waliuliza kila mtu," alisema Pechiyammal. "Mimi hawakuniuliza."

Irulappan, ambaye ndiye aliyekuja Jumanne, aliacha kucheka.

Kituoni Poonkodi aliwaweka baba na mwana chumba kimoja. Waliketi kwenye benchi moja, kila mmoja kwenye ncha yake, bado wamenuniana kwa kugombea kosa. Aliwaeleza akiwa amesimama, bila kuzunguka. Sarafu ni zile zile. Pechiyammal alizisugua na ukwaju. Hakuna aliyeiba. Hakuna mashtaka. Kamati imeambiwa.

Mzee Maideen alisikiliza, kichwa ameinamisha. Kisha akaanza kucheka, kicheko chembamba cha mtu ambaye hajacheka tangu msibani. "Ukwaju," alisema. "Ee Mola wangu. Ukwaju! Marehemu angekuwapo angemwambia yule bibi aongeze chumvi."

Nagoor hakucheka.

"Baba," alisema. "Ulikiri kwa sababu ya bajaji."

Kicheko cha mzee kikakatika.

"Uliona bajaji, ukaona sarafu, ukajumlisha. Mimi. Nimemwibia Walii."

"Na wewe? Ulikuja hapa ukasema ni wewe. Kwa nini, kama hukuwa umenidhania mimi?"

Poonkodi aliona damu ikimpanda kijana mpaka masikioni. Mambo mengi alikuwa amewahi kuyaona katika chumba kile, vipigo vya maneno na vya mikono, lakini hili lilimwuma zaidi: watu wawili waliokuwa tayari kufungwa kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, sasa wanaelewa maana yake nyingine.

"Tuliuza bangili za mama," alisema Nagoor hatimaye. "Rahmath ndiye aliyezitoa. Ndiyo bajaji hiyo. Sikuweza kukwambia."

Mzee alifumba macho. Machozi yalitoka chini ya kope, akayaacha yatiririke kwenye ndevu. "Ungeniambia."

"Ungelia."

"Ningelia. Halafu ningekwambia kauze." Alijifuta kwa kiganja. "Ningekwenda jela, Nagoor, nakwambia kweli. Ningekaa humo nikijiona baba mwema kuliko wote wa Madurai. Na kila ukija kuniona ningekusamehe upya, wewe ambaye hukufanya kitu."

"Na mimi ningekuwa ndani ningekusamehe wewe."

Nje, Irulappan aliita kwamba bibi mmoja amefika na taa mkononi, anakataa kuondoka mpaka amwone Maideen kwa macho yake. Poonkodi alimjibu asubiri.

"Mbona hukuniuliza tu, baba?" Nagoor alisema. "Neno moja. Ungeniuliza, Nagoor, ni wewe?"

Mzee aliitazama mikono yake.

"Niliogopa utasema ndiyo."

Kijana akasogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusa la baba yake. "Hata mimi," alisema. Poonkodi akatoka nje, akauvuta mlango nyuma yake taratibu, na akamwambia koplo asiingie mtu kwanza.